Msiba wa NyaTembo, Segerea

Esnart Jere alikuja Dar es Salaam kwa mkataba wa mumewe wa miaka miwili, na tangu wiki ya kwanza alijiwekea sheria: asinunue kitu chochote kitakachomsumbua siku ya kuondoka. Kabati hakununua. Meza hakununua. Nguo za watu watatu zilikaa ndani ya masanduku yaliyopangwa ukutani, vyombo vikakaa kwenye katoni za sabuni, na mtu akiingia katika vile vyumba viwili vya nyumba ya Bi Mwanaheri, kule Segerea, asingejua kama wenyewe wamehamia jana au wanahama kesho. Yotamu, mumewe, alikuwa karani wa kampuni inayotoa mizigo ya Zambia bandarini. Yeye aliuzoea mji upesi, maana wanaume huzoea popote penye kazi na redio. Esnart alikuwa anasubiri. Ukimuuliza anasubiri nini, angekwambia anasubiri kurudi Chipata kwa mama yake, na angekwambia kwa sauti ya chini kabisa, maana alikuwa mpole kiasi cha kukera.

Lakini upole huo huo ndio uliompatia heshima pale uani. Siku waliyohamia, alipoonyeshwa mwenye nyumba, Esnart alipiga magoti mchangani, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, akainamisha kichwa. Ndivyo mkubwa anavyosalimiwa kwao. Bi Mwanaheri, mjane wa Kizaramo aliyekwisha kupangisha watu wa kila aina, wakiwemo waliompita mlangoni bila hata kumtazama, alibaki mdomo wazi. Tangu hapo, mtu asithubutu kusema neno baya juu ya "mpangaji wangu wa Zambia." Kodi ya watu wengine iliweza kufuatwa kwa kelele, ya Esnart iliulizwa kwa kikohozi.

Siku zao zilikwenda kama zinavyokwenda za watu wote wa Segerea. Yotamu aliondoka alfajiri, akarudi jioni na vumbi la bandarini kwenye kola. Esnart alifagia uani ingawa zamu haikuwa yake, akachota maji, akaenda gengeni kutafuta mchicha na dagaa. Dagaa wale wale kwao wanawaita kapenta, na siku ya kwanza alipowaona wamemwagwa kwenye ungo alisimama akawatazama kwa furaha kama aliyekutana na ndugu. Alasiri alitwanga karanga, akaunga mboga, akasonga ugali wao laini mweupe. Taonga, binti yao wa darasa la pili, aliula ule ugali akinung'unika. Mtoto yule alikuwa amekwisha kuwa wa Dar kuliko wenye Dar.

"Mama, kwani wali wa nazi mie utanipikia lini?" angesema. "Kina Rehema wanaulaga kila siku."

"Kula, mwanangu."

"We nawe mama, kila kitu kula tu."

Yotamu angecheka, Esnart angemkata jicho, na chakula kingeendelea.

Siku iliyokuwa siku kweli ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada Esnart alikaa kwenye kizingiti, akampigia mama yake. Kule Chipata kila mtu alimwita mama huyo NyaTembo, yaani mwanamke wa ukoo wa akina Tembo, na alikuwa mwanamke wa maneno. Alianza kwa kugombeza mtandao, akaja kwa Yotamu ambaye hali vizuri, akaja kwa mjukuu anayesahau lugha, akamalizia na bintiye ambaye hata akiitwa mwizi atasema asante. Ajabu ni kwamba siku ya kuagana ni yeye huyo huyo aliyemwonya: "Unakwenda kwa watu. Mdomo wako uache hapa kwangu, utaukuta ukirudi." Esnart alikuwa mtoto mtiifu. Alikata simu kila Jumapili akiwa na tabasamu, kisha akakaa pale kizingitini muda mrefu bila kufanya lolote.

Sasa, katika uani ule ule alikuwako Avelina.

Avelina alikuwa fundi cherehani, Mhehe wa Kilolo, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Cherehani chake kilikaa barazani, upande wa pili wa uani, na hakuna aliyepita pale bila kuambiwa kitu. Miezi ya mwanzo yeye na Esnart walisalimiana vizuri tu, habari za asubuhi, habari za watoto. Kisha siku moja, akiwa anakunja pindo la sketi ya shule ya Taonga, Avelina aliuliza kwa kupiga soga tu:

"Hivi nyie huko Zambia mna makabila? We kabila gani?"

"Mimi Mngoni," Esnart alisema. "Ngoni ya Chipata."

Mguu wa Avelina ulisimama juu ya pedali. "Umesema nani?"

"Mngoni."

"Mungu wangu!" Avelina alipiga meza kwa kiganja, pini zikaruka. "Nimekaa na Mngoni uani miezi yote hii namwamkia kama mtu!"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Esnart naye akatabasamu, asijue anatabasamia nini, akachukua sketi akaenda zake.

Kesho yake kuku alipotea. Tusiseme alipotea, maana alichukuliwa mchana kweupe. Alikuwa mtetea aliyenunuliwa kwa ajili ya Jumapili, amefungwa mguu chini ya tangi la maji. Avelina alikuja, akafungua kamba, akambana kuku kwapani na kuondoka kwa madaha. "Kuku wa Mngoni ni wangu," alitangaza kwa uani mzima. "We nenda kawinde panya, mla panya mkubwa!"

Esnart alikuwa amesimama na ungo mkononi. Aliingia ndani, akafunga mlango, akalia. Kuku halikuwa jambo la kumliza. Kilichomchoma ni hao panya. Kwao Chipata panya wa shambani wanaliwa kweli, wanakaushwa na kuuzwa kando ya barabara wamebanwa kwenye vijiti, na yeye mwenyewe aliwala tangu utoto na aliwapenda. Sasa huyu mwanamke amejuaje? Basi mtaa mzima umekaa ukawachambua, wageni wala panya, na wao wanapita wakisalimia watu kwa magoti.

Yotamu aliporudi na kuyasikia hayo hakuvua hata viatu. Alikuwa karani, mtu wa utaratibu, na utaratibu ulisema mjumbe. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Didas, mjumbe wao, akaeleza shauri lake tangu mwanzo: kuku, kamba, kwapa, tusi. Mzee Didas alisikiliza kwa makini.

"Aliyechukua ni Avelina, yule Mhehe?"

"Ndiye."

"Na mkeo kabila gani?"

"Mngoni."

Mzee Didas aliegemea kiti. "Basi kesi hii mie siipokei. Na kesho akija kuchukua sufuria, siipokei vilevile."

Yotamu alihamaki. Mzee akampoza, akamkalisha, akamweleza. Wahehe na Wangoni walipigana vita zamani hata wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mhehe akimwita Mngoni mla panya, au Mngoni akimwita Mhehe mla mbwa, hakuna tusi, na Mngoni akimbebea Mhehe mali yake hakuna wizi.

"Lakini hao ni Wangoni wenu wa Songea, mzee. Mke wangu ametoka Zambia."

"Mwanangu, walitoka kusini wote hao. Wengine wakachoka njiani wakabaki kwenu, wengine wakaja kutuhangaisha huku. Mpaka ule uliwekwa na Wazungu. Sie kwenye utani hatukuuweka."

Esnart alipoletewa habari hiyo aliona aibu hata akajifunika uso. Utani aliujua! Kwao Mngoni na Mbemba hawaachani salama. Mbemba atamnyang'anya pombe harusini, atamwita mla panya mbele ya mchungaji, na yeye atamjibu kwamba afadhali panya kuliko nyani wanaoliwa kwao. Ila kwamba mtu anaweza kusafiri siku tatu, akavuka mpaka, akakuta mtani amekaa anamngoja nyuma ya cherehani, hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Na jioni hiyo hiyo Avelina alibisha hodi na sufuria. Kuku alikuwa ameungwa kwa nyanya na kitunguu, mapaja yote mawili yamo.

"Nimekula shingo tu," alisema. "Mungu shahidi."

Hapo mambo yangekaa sawa kama Esnart angejibu. Hakujibu. Avelina aliita mla panya asubuhi, Esnart akasema asante. Avelina alikaa juu ya ndoo yake akakataa kuinuka hadi apewe karanga, Esnart akampa karanga. Mwezi ukaisha, mwaka ukageuka, na Mhehe wa watu akawa anapiga ngoma isiyopata mchezaji.

"Mngoni, utani wa upande mmoja ni matusi," alilalamika siku moja, na safari hii hakuwa anacheka. "Nijibu basi, mwenzangu. Nitukane mara moja tu, roho yangu itulie. Watu wataniona mchawi."

"Pole, dada," alisema Esnart.

Alikuwa anampenda Avelina. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakupata kulisema. Ila kila neno la utani lilipomjia ulimini, alikumbuka kwamba pale si kwao, na kwamba mgeni akikosea hana pa kukimbilia. Akalimeza.

Simu ilikuja Alhamisi asubuhi, na kwa kuwa haikuwa Jumapili, Esnart alijua kabla hajaipokea. Alikuwa kaka yake. NyaTembo alikuwa anawasha moto jikoni, akaanguka, hakuinuka tena. Mazishi kesho saa sita mchana.

Pasipoti zao tatu zilikuwa zimepelekwa kubadilishiwa kibali. Na hata kama zingekuwa mkononi, kutoka Segerea hadi Chipata ni Tunduma kwanza, kisha Lusaka, kisha mashariki tena. Angefika akute watu wanakunja mikeka. "Usije mbio," kaka yake alisema. "Utakuta udongo. Lia huko huko uliko." Esnart akampigia simu Yotamu, Yotamu akasema anaomba ruhusa anarudi. Kisha Esnart akachukua beseni, akatia maji, akaanza kufua.

Alifua nguo zilizokuwa safi. Machozi hayakuja. Kwao, msiba ukitokea, moto huwashwa nje na wanaume hulala kando yake. Wanawake huketi chini ndani ya nyumba, na kila anayeingia anaingia akilia kwa kumtaja marehemu, wewe uliyenipa mbegu za mahindi, wewe uliyenigombeza nikapona. Hivyo ndivyo mtu anavyoagwa. Hapa nani angeingia akimlilia NyaTembo? Katika mji huu wote, wenye watu wasiohesabika, hapakuwa na mtu aliyepata kumwona mama yake hata kwa mbali. Yotamu alimjua, lakini Yotamu ni mkwe, naye kwa adabu ya kwao alimjua kwa kutazama chini. Taonga aliondoka bado mdogo, alikumbuka sauti ya simu. Mama angezikwa kesho kule, na huku asingekuwa chochote zaidi ya neno mama, ambalo kila mtu analo.

Tena nyumba si yake. Unaanzaje kupeleka kilio katika nyumba ya kupanga, ukamwambia mama wa watu nakuletea msiba uani? Aliamua kukaa kimya. Angelia kwao, siku atakayorudi.

"Mla panya!" Avelina aliita dirishani. "Leo umefua mpaka unachubua nguo, nani kakuudhi?"

Esnart alifungua mlango. "Mama amefariki," alisema.

Avelina alimtazama. Hakusema pole. Hakumshika. Aligeuka akaondoka kwa hatua ndefu, na Esnart akabaki mlangoni akifikiri, haya, hata huyu amekimbia.

Kumbe mwenzake amekwenda kwa Bi Mwanaheri. Haukupita muda mama huyo akaja mwenyewe, khanga begani, bila fimbo yake, amekasirika kweli kweli.

"Unafua?" alisema. "Mama yako kafa, unafua?"

Esnart alipiga magoti. "Nisamehe, bibi. Sikutaka kukuletea msiba nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu ndiyo kwako, we mtoto. Msiba haufichwi hapa. Inuka. Nguo hizo nani atakuvalia?" Akamshika mkono, akamwinua. "Wallahi umeniudhi."

Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa uani. Viti vilitoka kanisani, mikeka ikatoka majumbani, sufuria kubwa zikaletwa na vijana wa mtaa. Mzee Didas alikaa mlangoni akipokea watu. Wanawake walikuja, Waislamu na Wakristo, wengine Esnart aliwajua kwa kununuliana mchicha tu, wakaketi naye chini, wakasema pole, wakasoma dua, wakaimba pambio. Walikuwa wema hata akashindwa kuwatazama. Nao waliuliza, kama watu wanavyouliza ili kumpa mfiwa nafasi ya kusema, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mama yangu," alijibu Esnart.

"Alikuwa mzee sana?"

"Kidogo."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Baadaye, kama inavyotokea msibani kokote, mazungumzo yakahamia bei ya unga na mtoto wa fulani aliyefaulu. Hawakukosea, mtu atamlilia vipi asiyemjua? Esnart alikaa kati yao macho makavu, mgeni hata katika msiba wake mwenyewe. Usiku ukapita hivyo, na asubuhi ya Ijumaa ikaanza hivyo hivyo. Alikuwa akitazama jua. Likifika juu ya paa la jiko la Bi Mwanaheri, kule watakuwa wanamteremsha.

Jua lilikuwa limekaribia hapo ndipo Avelina alipotokea.

Alikuwa amevaa suruali ya mtu mnene, ameifunga kwa kamba ya katani, koti amelivaa nyuma mbele, na kichwani ameweka chujio la chai. Mkononi ana mkia wa ng'ombe aliouokota sijui wapi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akapokonya mwiko kwa anayesonga, akakaa juu ya kuni.

"Hapa hali mtu!" alitangaza. "Kafa Mngoni. Mhehe yupo, na Mhehe hajaambiwa rasmi. Nani kawapa ruhusa ya kuwasha moto?"

Wale waliojua mambo walianza kucheka, wakambembeleza, wakamtupia sarafu. Bi Mwanaheri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hata yeye mumewe alipofariki watani wa Kinyamwezi walilala ndani ya kaburi wakakataa kutoka. Taonga alisimama kando ya baba yake, macho yamemtoka. Esnart alitazama bila kusogea.

Avelina akaja hadi mbele yake, akasimama.

"Mngoni," alisema, sauti yake imeshuka. "Kazi ya mtani unaijua. Natakiwa nimwigize marehemu, nitembee kama yeye, niseme kama yeye, watu wamwone mara ya mwisho. Sasa mie sijawahi kumwona. Na hapa hayupo aliyemwona, ila we peke yako. Nifanyeje?"

Wanawake wakamgeukia Esnart.

"Basi nitabahatisha," Avelina alisema. Akapinda mgongo kama vikongwe wa maigizo, akachechemea huku na huku akitetemesha kidevu, na wanawake wakacheka.

"Siyo hivyo," Esnart alisema.

"Sisikii."

"Siyo hivyo! Mama yangu hakupinda mgongo. Na mguu mbovu ni wa kushoto, wewe unachechemea wa kulia."

"Mie nitajuaje? Inuka unionyeshe."

Esnart aliinuka. Alikuwa amekaa chini tangu jana, miguu imekufa ganzi. Alijinyoosha, akaweka mkono wa kushoto nyongani, mkono wa kulia akautanguliza mbele, kidole kimenyooka, kama mtu anayemgombeza aliyeko hatua tatu mbele yake. Kichwa akakilaza upande, kwa sababu sikio moja tu ndilo lililokuwa zima. Akatembea. Katikati ya uani akasimama ghafla, akageuka nyuma, akatikisa kile kidole.

"Hapo anasema na nani?" aliuliza Avelina.

"Na baba. Baba alikufa zamani, lakini ugomvi wao haujaisha."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. "Wanagombania nini?"

"Paa la jiko. Alimwambia atalitengeneza."

Sasa walicheka wengi. Avelina alikuwa hacheki, alikuwa anatazama miguu ya Esnart kwa jicho lile lile analopimia nguo. "Akifika kwa mtu anabisha hodi?"

"Habishi. Anakohoa." Esnart akakohoa, kikohozi kifupi cha mwenye haki ya kuingia. "Kisha hasalimii kwanza. Anafunua sufuria, ananusa, anasema chumvi imezidi."

"Hata kama haijazidi?"

"Hata kama haijatiwa."

Wanawake walishikana mabega. Avelina alivua chujio, akavua koti, akasimama mikono wazi. Esnart alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga kiunoni, fundo likae kulia kama la mama. Avelina akajaribu. Mguu ulikuwa sawa, kidole kilikuwa sawa, ila kichwa kilikuwa wima.

"Shingo!" Esnart alifoka. "Ilaze shingo! Mhehe wewe, huoni? Au hata mbwa wa kukuonyesha njia umeshamla?"

Uani wote ukalipuka. Mzee Didas alipiga paja. Yotamu alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Avelina alisimama, mkono kifuani. Alirudi hadi kwenye lango, akalaza shingo, akaanza upya.

Na safari hii alikuwa yeye. Alitembea taratibu, kidole mbele, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo tu, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Katikati ya uani alisimama akageuka, akamgombeza mume wake kwa ajili ya lile paa. Alipita kati ya mikeka, akafika jikoni, akakohoa. Akafunua sufuria ya Bi Mwanaheri, akanusa. "Chumvi imezidi," alisema, na ingawa aliyasema kwa Kiswahili cha Iringa, Esnart aliyasikia kwa lugha ya kwao.

"Mama!" alilia. "Mama wee!"

Sauti ile ilitoka mahali alipokuwa ameifungia tangu jana, na pengine tangu siku waliyovuka mpaka. Wanawake walimdaka, naye akalia mikononi mwao kwa kumtaja kama anavyotajwa mtu, NyaTembo uliyegombeza marehemu, NyaTembo uliyenusa sufuria za watu, na wao wakaitikia, wakalia naye, maana sasa walikuwa wanamlilia mtu waliyemwona. Jua lilikuwa limefika juu ya paa.

Avelina alikuwa bado amesimama mlangoni mwa jiko, kitenge kiunoni, asijue kama amalize au aendelee. Ni Bi Mwanaheri aliyemtatulia. Mama yule alijisogeza kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kati yake na Esnart.

"Mpisheni njia, jamani," alisema akijifuta macho kwa khanga. "Mpisheni mama wa watu aketi. Katoka mbali."

Wanawake wakasogeza miguu. Avelina akaja taratibu, shingo imelala, akaketi kati yao, na mguu wa kushoto akaunyoosha.